Mkwawa: Mtwa aliyekimbia milimani miaka minne, Mjerumani hamkamati

KISAWASAWA. UKICHEZA mpira jioni hapa Kisawasawa, kipindi cha pili chote unakipiga kivulini. Siyo kwamba kuna jukwaa, hakuna. Ni milima ya Udzungwa iliyosimama upande wa magharibi kama ukuta, inalimeza jua mapema kabla halijafika chini. Ukienda kule Ifakara mjini, muda huohuo watu bado wanajifuta jasho.

Wiki iliyopita nilikaa na vijana pembeni ya uwanja baada ya mazoezi. Mmoja alikuwa na video kwenye simu, mbio za kuzunguka mlima Mont Blanc kule Ulaya. Jamaa wanaanzia Ufaransa, wanapita Italia, wanapita Uswisi, wanarudi Ufaransa. Zaidi ya kilomita 170, milima mwanzo mwisho, usiku na mchana. Wengine wanalala dakika kumi juu ya jiwe kisha wanaendelea. Vijana wakaanza kubishana kama kuna Mtanzania angeweza kitu kama hicho. Wakatajwa wapagazi wa Kilimanjaro, wakatajwa wakimbiaji wa Mbulu. Babu mmoja aliyekuwa amekaa kwenye baiskeli yake akasikiliza weee, mwisho akanyoosha kidole mlimani akasema kuna mtu alikimbia huko juu miaka minne, na nyuma yake kulikuwa na bunduki. Kisha akapanda baiskeli akaondoka zake.

Nilicheka kwanza. Baadaye nikakumbuka kwamba nimewahi kuripoti mechi za timu yenye jina la ngome ya mtu huyo, na sikuwahi kuandika mstari hata mmoja kumhusu yeye mwenyewe. Basi leo kurasa za michezo zinamhusu Mtwa Mkwawa.

JINA REFU, UJANA MGUMU

Alizaliwa karibu mwaka 1855 huko Luhota, Iringa ya leo. Jina lake ni Mkwavinyika, maana yake mtu anayeteka nchi, na Mkwawa ni kifupi chake. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeunganisha utemi mdogo mdogo wa nyanda za juu ukawa taifa moja la Wahehe. Kabla yake kila kilima kilikuwa na mkubwa wake.

Munyigumba alifariki karibu mwaka 1879, na hapo ndipo pakachafuka. Mwambambe, mtu aliyeingia kwenye familia kwa kuoa, akataka kiti. Mkwavinyika alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ikabidi aondoke kwanza kuelekea Ugogo. Yaani mbio zake za kwanza hazikuwa za kumkimbia Mzungu, alikuwa anawakimbia watu wa nyumbani. Akarudi, wakapigana, Mwambambe akauawa. Mahali pa vita hiyo Wahehe wanapaita Ilundamatwe, kwa maana ya vichwa vilivyorundikwa. Jina lenyewe linatosha, sina haja ya kueleza zaidi.

Akapigana na Wangoni, akawasukuma Wasangu wa Merere, vikosi vyake vikafika hadi njia za misafara ya kutoka pwani. Kufika mwisho wa miaka ya 1880, mfanyabiashara yeyote aliyetaka kukatiza eneo lile la katikati ya nchi ilibidi ajue Mkwawa anasemaje.

Hapa niseme kitu ambacho watu wa Iringa hawatakipenda sana. Huku bondeni kwetu, enzi zile bonde likiitwa Ulanga, jina la Wahehe halikuwa la kushangilia. Wakiteremka, waliteremka kuchukua ng'ombe na watu. Wandamba walijifunza kuishi kwenye visiwa vya mto na matete kwa sababu ya wavamizi kama hao. Wabena waliokuja kukaa huku chini walisukumwa na vita vya Wahehe tangu enzi za Munyigumba. Kwa hiyo babu yule wa baiskeli alivyomtaja Mkwawa hakuwa anamsifia shujaa wa kijiji. Alikuwa anamtaja mpinzani aliyekuwa moto. Sisi wa mpira tunaijua heshima hiyo, ya mtu aliyekufunga mabao matatu kwenye uwanja wako.

NYUNDO AVUNJIKA LUGALO

Wajerumani walikuwa wameshashika pwani. Aliyetumwa kwenda kumnyoosha Mkwawa ni Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Jina halikuja bure. Ni huyuhuyu aliyekuwa Pangani mwaka 1888, ubabe wake ukachangia kuwasha moto wa vita ya Abushiri. Mwaka 1891 akapanda nyanda za juu na askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani na watu wa kutoka kusini mwa Afrika, akiwa na mizinga na wapagazi kibao. Njiani alichoma vijiji.

Agosti 17, 1891, msafara ulikuwa unatembea kwa mstari mmoja mrefu kwenye bonde lenye mawe na vichaka pale Lugalo, siyo mbali na Iringa. Ukisafiri kwa basi barabara ya Morogoro, mnara wa kumbukumbu uko pembeni, wengi tunaupita tumelala. Wahehe walikuwa wamejificha wamelala chini, karibu elfu tatu. Silaha yao kubwa ilikuwa mkuki. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimpiga ndege risasi, na mlio ule Wahehe wakauchukulia kama ishara yao. Wakainuka.

Ilikwisha haraka, kuliko hata mapumziko ya mechi. Bunduki nyingi hazikuwahi kujazwa risasi. Wazungu kumi walikufa, Nyundo akiwa mmoja wao, pamoja na askari zaidi ya 200. Waliookoka ni wa kikosi cha nyuma. Mkwawa akabaki na bunduki karibu 300 na mizinga.

Watu wakisimulia Lugalo huwa wanaishia hapo, matokeo mazuri, tumeshinda ugenini na nyumbani. Lakini Wahehe nao walizika wengi siku ile, na inasemekana Mkwawa alikataza vilio vya msiba ili adui asijue hasara yake. Fikiria mama aliyezuiwa kumlilia mwanawe kwa amri ya mtwa.

UKUTA WA LIPULI

Makao yake yalikuwa Kalenga, pembeni ya Mto Ruaha Mdogo. Alipajengea ukuta mkubwa wa mawe na udongo, ngome iliyoitwa Lipuli. Ndiyo, Lipuli hiyohiyo. Mashabiki wa soka wanaijua kama timu ya Iringa, Wanapaluhengo, iliyocheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2017/18 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 pale Uwanja wa Ilulu, Lindi, ikafungwa bao 1-0 na Azam. Kila tulipoandika kwamba Lipuli inajenga ukuta, hatukujua tunarudia historia.

Na kosa la ukuta ni lilelile la timu inayojilinda muda wote. Unamwachia mpinzani achague pa kupiga. Gavana Friedrich von Schele alikuja na mizinga. Oktoba 30, 1894, wakaipiga ngome kwa mizinga na bombomu, kisha wakapanda ukuta na kuingia ndani. Mapigano yalikuwa ya nyumba kwa nyumba. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alitaka kujilipua na hazina ya baruti, wasaidizi wake wakamvuta kwa nguvu wakamtoa.

Kama mechi, iliisha pale. Makao yameanguka, baruti na pembe za ndovu zimechukuliwa. Watawala wengi wa wakati ule walifika hapo wakapeleka wajumbe, wakasaini karatasi. Mwaka uliofuata mazungumzo yalikuwepo kweli, wajumbe wake walikwenda. Yeye mwenyewe hakutokea. Hakuna ofisa wa Kijerumani aliyepata kumshika mkono.

MBIO ZENYEWE

Hapa ndipo hadithi inapoingia kwenye ukurasa huu kwa haki yake.

Kuanzia Oktoba 1894 hadi Julai 1898, Mkwawa hakuwa na nyumba. Alikuwa na milima. Upande wa Iringa milima hii inaanza kama vilima vya nyasi, baridi kali usiku. Ukija mashariki inageuka msitu mzito, mvua na ukungu, kisha inakatika ghafla na kuporomoka hadi huku kwetu bondeni. Kilele cha Luhombero kina zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, wakati uwanja wetu wa mpira uko chini huku kwenye mita mia tatu hivi. Leo sehemu kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, makao yake Mang'ula, hapo juu kidogo. Mama zetu walizijua njia za chini za msitu, walikuwa wanaruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni, hadi ilipopigwa marufuku mwaka 2011. Njia za juu wanazijua nyani, tembo na askari wa hifadhi.

Mimi niliwahi kupanda hadi maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, tena kwa njia iliyotengenezwa, nikiwa na maji na mkate. Nilirudi nimekaza mapaja siku tatu. Huko ni ukingoni tu mwa mlima, sijaingia ndani.

Sasa weka mtu mwenye miaka karibu arobaini, umri ambao straika wetu wameshakuwa makocha wa vijana. Anatembea na wafuasi, wanawake, watoto, chakula na silaha. Moshi wa jiko unaonekana mbali, kwa hiyo kupika ni hatari. Nyayo kwenye tope ni barua kwa adui. Doria zinatoka kila upande. Simulizi zinasema mara kadhaa askari walifika kambini kwake wakakuta majivu bado yana joto, mwenyewe hayupo. Na hakuwa anakimbia tu, alikuwa anageuka na kupiga. Doria ndogo zilishambuliwa, kisha msitu ukafunga mdomo.

Mwaka 1896 kazi ya kumkamata ilikuwa ya Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, kama mtu aliyelewa vita. Prince alijenga boma pale ambapo sasa ni mji wa Iringa. Akaja na mbinu ya kugawa timu. Usangu akarudishiwa ukoo wa Merere. Upande wa Wahehe akamsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mkubwa wa nchi. Haikufika hata miezi miwili au mitatu, Wajerumani wakamshuku kwamba anawasiliana na kaka yake kisirisiri, wakamnyonga mwanzoni mwa mwaka 1897. Kwangu mimi huo ndio ukurasa mzito kuliko wote katika habari hii. Mpangile alikuwa kati ya kaka na kamba, hakuna alikoweza kugeukia.

Na Mkwawa alikula nini miaka yote hiyo? Hilo ndilo swali ambalo vijana wa pale uwanjani waliniuliza nilipowasimulia, na ni swali la kimichezo kabisa. Wale wa Mont Blanc wana vituo, kuna supu, kuna ndizi, kuna daktari. Kituo cha Mkwawa kilikuwa mwanakijiji. Mtu anaacha chakula mahali usiku, asubuhi kimeondoka. Prince alilijua hilo, akaamua kukausha vituo. Mashamba na maghala yakachomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wakazuiwa kulima, waliomsaidia wakaadhibiwa. Njaa ikaingia. Watu wakafa kwa kumlisha mtu mmoja, au kwa kushukiwa tu kwamba wamemlisha.

Je, alitakiwa kujisalimisha ili watu wake wale? Nimelizungusha swali hili wiki nzima. Nikisema ndiyo, namsahau Mpangile, ambaye alijisalimisha na akanyongwa. Nikisema hapana, nakuwa nimekaa mezani na chai yangu naamua njaa ya wengine. Ninachoweza kuandika ni kwamba njaa ile ilikuwepo, na Wahehe wengi waliendelea kutomtaja alipo.

Huku bondeni nako hakukuwa na mlango. Kiwanga, mkubwa wa Wabena wa Ulanga, alikuwa upande wa Wajerumani, akawapa watu na msaada. Ukizingatia historia niliyoieleza, alikuwa na sababu zake. Lakini maana yake ni kwamba Mkwawa akiteremka kutoka msituni kuja upande wa Kisawasawa na Kiberege anakutana na adui, akirudi juu kuna boma la Iringa. Uwanja ulizidi kuwa mdogo.

Mwaka 1898 Gavana Eduard von Liebert akatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Wafuasi walikuwa wameshapungua, wengine wamekufa, wengine wamekamatwa, wengine yeye mwenyewe aliwaacha waende. Kufikia Julai alikuwa ameuacha msitu wa mashariki, yuko magharibi ya Iringa kuelekea Ruaha Mkuu, anaumwa, anakohoa damu.

MLAMBALASI

Doria iliyomfikia iliongozwa na sajenti aliyeitwa Merkl. Ilimkamata kijana aliyekuwa akimhudumia Mkwawa na aliyekuwa ametoroka kwa kuhofia kuuawa. Kijana akasema bwana wake yuko karibu, mgonjwa, umbali wa saa chache kwa miguu. Wakiwa njiani wakasikia mlio wa bunduki.

Ilikuwa Julai 19, 1898, mahali panapoitwa Mlambalasi. Walipofika waliona watu wawili wamelala karibu na moto. Merkl hakuthubutu kusogea, miaka minne ilikuwa imewafundisha adabu. Akalenga kutoka mbali, akapiga risasi kichwani. Alikuwa anampiga maiti. Mkwawa alikuwa ameshamuua mwenzake wa mwisho kisha akajiua mwenyewe. Alikuwa na miaka kama 43.

Hivyo hata siku ile hawakumkamata. Lakini na mimi siwezi kuruka jina la yule mwenzake kwa sababu tu habari ni ya mtwa. Alikimbia umbali uleule, alilala baridi ileile, na kumaliza kwake hakukuamuliwa na yeye.

KICHWA CHASAFIRI

Wajerumani walikikata kichwa wakaondoka nacho, baadaye kikapelekwa Ujerumani. Ajabu ni kwamba kikaingia kwenye siasa za dunia. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliopanga ramani upya na kuitoza Ujerumani fidia, ukaweka kifungu cha 246 kinachodai fuvu la Mkwawa likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Wajerumani wakasema hawajui liko wapi. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano.

Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akalifuatilia mwenyewe hadi kwenye jumba la makumbusho la Bremen. Huko kulikuwa na mafuvu kama elfu mbili, makumi kadhaa yakiwa ya kutoka Afrika Mashariki. Wakapima, wakalinganisha na vipimo vya ukoo, wakachagua moja lenye tundu la risasi. Wapo watafiti wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Na yale mengine ya makumi yalikuwa ya watu, wenye majina na mama zao, hakuna mkataba ulioyataja.

Juni 19, 1954, Twining alilikabidhi fuvu Kalenga kwa mjukuu wa marehemu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Adam Sapi ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu baada ya uhuru, mtu ambaye wazee bado wanaikumbuka sauti yake redioni.

Nilirudi kwa wale vijana juzi nikawapa habari hii waisome kwenye simu kabla haijatoka. Golikipa wao aliuliza kitu kimoja tu, kama njia za Mkwawa bado zipo. Nikamwambia msitu upo, ila kuingia unalipia kiingilio na unapewa askari wa kukuongoza. Akaangalia juu. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima, na kocha akapuliza filimbi ya kipindi cha pili.

Anayetaka kumwona Mkwawa leo anahitaji safari mbili. Kaburi lake liko Mlambalasi, kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Fuvu liko Kalenga, ndani ya sanduku la kioo.